Safari ya Jiwe la Matumbawe: Aina za Mimenyuko ya Kikemia Kutoka Tanuu Hadi Ukutani

Mwanafunzi wa sekondari akiulizwa aina za mimenyuko ya kikemia huzitaja kwa ufasaha: muungano, mtengano, uondoshano, mbadilishano, mwako. Huzitaja kama mtu atajavyo majina ya mito aliyoyakariri, na akiisha kuzitaja huona kwamba kazi imekwisha. Kisha hutoka darasani akapita mbele ya nyumba inayojengwa, ambako mafundi wanakoroga zege, wala haoni uhusiano wowote kati ya majina yale na kile kilichomo ndani ya karai. Kosa si lake peke yake. Vitabu vingi huanza na majina ndipo vikatafuta mifano, na mifano yenyewe aghalabu huwa ya vitu ambavyo mwanafunzi hatavigusa maishani mwake.

Yafaa kugeuza utaratibu huo: kuchukua kitu kimoja kinachofahamika na kukifuata kila kinapobadilika. Kwa wakazi wa pwani ya Afrika Mashariki kitu hicho ni jiwe la matumbawe. Kwa karne nyingi watu wa pwani wamelichoma jiwe hilo wakapata chokaa, na kwa chokaa hiyo wakajenga. Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, magofu ya Gedi, nyumba za kale za Lamu na majumba ya Mji Mkongwe wa Unguja, yote yameshikiliwa na chokaa ya namna hiyo. Lakini habari hii si ya kale tu. Mmojawapo wa mimenyuko inayotokea katika safari ya jiwe hilo, uleule ulioziimarisha kuta za Kilwa, ndio unaozidhoofisha polepole nyumba nyingi za zege zinazojengwa leo. Anayeufahamu ataelewa kwa nini jambo moja liwe rafiki katika ukuta huu na adui katika ukuta ule.

Mmenyuko ni nini

Maji yakichemka huwa mvuke, na mvuke ukipoa hurudi kuwa maji. Molekuli ni zilezile. Zimetawanyika tu, kisha zikakusanyika tena. Mmenyuko wa kikemia ni jambo jingine. Hapo atomi huachana na zile zilizoshikamana nazo mwanzo, zikashikamana na nyingine, na kinachopatikana huwa na tabia ambazo vitu vya mwanzo havikuwa nazo. Atomi zenyewe haziongezeki wala hazipungui. Mfaransa Antoine Lavoisier aliisisitiza kanuni hiyo katika kitabu chake cha kemia cha mwaka 1789: jumla ya vilivyoingia ni sawa na jumla ya vilivyotoka. Kwa hiyo mtu akipima kitu baada ya kukichoma na kuona kwamba uzito umepungua, hapana budi atafute kilichotoka. Mara nyingi kilichotoka ni gesi, ambayo macho hayakuiona.

Kanuni hiyo moja, ya kufunga hesabu, ina manufaa kuliko majina yote ya mimenyuko yakiwekwa pamoja.

Motoni

Tanuu la jadi la chokaa halina kuta. Magogo hupangwa chini, mawe ya matumbawe yaliyovunjwavunjwa hurundikwa juu yake, na moto huwashwa ukaachwa uwake kwa saa nyingi. Ndani ya lundo hilo mimenyuko miwili ya aina tofauti hutokea kwa wakati mmoja, na wa kwanza ndio unaoulisha wa pili.

Wa kwanza ni mwako. Kaboni iliyomo ndani ya kuni huungana na oksijeni ya hewa, na joto jingi hutoka:

C + O₂ → CO₂

Haidrojeni iliyomo ndani ya kuni nayo huungana na oksijeni na kuwa mvuke wa maji. Kuni zilizokauka vizuri hutoa takribani megajuli 15 kwa kila kilo. Hewa ikiwa haba, mwako hautimii, na badala ya kaboni dioksaidi hupatikana kaboni monoksaidi, CO, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo huikamata damu na kuizuia isibebe oksijeni. Hiyo ndiyo gesi inayowaua watu wanaolala na jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa madirisha. Majivu mekundu yaliyotulia, yasiyotoa moshi, huonekana kuwa salama kuliko kuni zinazofuka. Kumbe moshi angalau humwonya mtu.

Mmenyuko wa pili ni mtengano. Jiwe la matumbawe kwa sehemu kubwa ni kalsiamu kaboneti. Likifikia joto la karibu nyuzi 900 za Selsiasi, hugawanyika:

CaCO₃ → CaO + CO₂

Kitu kimoja kimekuwa viwili. Kilichobaki ndani ya lundo ni kalsiamu oksaidi, yaani chokaa isiyozimwa. Kilichopaa ni kaboni dioksaidi. Hesabu yake ni rahisi na inafaa kukumbukwa: gramu 100 za kalsiamu kaboneti hutoa gramu 56 za chokaa na gramu 44 za gesi. Mchomaji aliyetia tani moja ya mawe safi tanuuni atatoa kilo 560. Hakuna aliyemwibia kilo 440, zimekwenda angani.

Mtengano huu haujiendeshi wenyewe. Kila gramu 100 za kaboneti zinahitaji kilojuli 178 za joto ili zigawanyike, mbali na joto la kulipasha jiwe lenyewe. Kwa tani moja ya mawe hiyo ni sawa na megajuli 1,780, ambazo zingeweza kutoka katika kilo 120 hivi za kuni kavu kama joto lote lingeingia jiweni. Lakini lundo lililo wazi hupasha upepo zaidi kuliko linavyopasha jiwe, na kwa hiyo kuni zinazotumika huwa mara kadhaa ya kiasi hicho. Tanuu lenye kuta nene, linaloingiza hewa kutoka chini, halibadilishi hata chembe moja ya kemia ya jambo hili. Linachobadilisha ni idadi ya miti inayokatwa.

Kuna gharama nyingine ambayo hesabu ya tanuu haiionyeshi. Kemia haitofautishi jiwe lililochimbwa nchi kavu, ambako bahari ilikuwapo zamani sana, na tumbawe lililo hai lililovunjwa majini: yote mawili ni kaboneti. Mvuvi hutofautisha. Tumbawe hai likiondolewa, samaki hukosa makazi na mawimbi hupata njia ya kuupiga ufuko. Hifadhi ya Bahari ya Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995, ni mojawapo ya mahali ambapo matumbawe hulindwa kisheria.

Daktari wa Uskoti na hewa iliyofungwa

Zamani wataalamu wa Ulaya waliliona jambo hili la chokaa kinyumenyume. Jiwe la chokaa halimuunguzi mtu. Likichomwa huwa kitu kikali kinachochubua ngozi. Basi wakasema kwamba ukali huo ni wa moto: jiwe limeunyonya moto na kuuhifadhi ndani yake. Maelezo hayo yalikuwa na sura ya kweli, na yalidumu muda mrefu.

Aliyeyapindua ni daktari wa Uskoti, Joseph Black, katika majaribio aliyoyachapisha mwaka 1756. Silaha yake kubwa ilikuwa mizani. Kama jiwe limeongezewa kitu na moto, Black alijiuliza, mbona ni jepesi baada ya kuchomwa? Alionyesha kwamba kilichopungua ni hewa ya namna ya pekee iliyokuwa imefungwa ndani ya jiwe, na kwamba chokaa ikirudishiwa hewa hiyo hurudia upole wake wa awali na uzito wake wa awali. Hewa hiyo ndiyo inayoitwa leo kaboni dioksaidi. Kwa hiyo mmenyuko ambao wachomaji chokaa wa Kilwa walikuwa wakiutumia kwa karne nyingi kabla yake ndio uliowafundisha wanakemia kwamba hewa si kitu kimoja, na kwamba gesi nazo hazina budi kuingizwa katika hesabu.

Majini

Chokaa iliyotoka tanuuni huwa na kiu. Ikimwagiwa maji, hutoa mlio, hupasuka, huvimba na kuporomoka ikawa unga mweupe laini. Hapa mmenyuko ni wa muungano, vitu viwili kuwa kimoja:

CaO + H₂O → Ca(OH)₂

Kinachopatikana ni kalsiamu haidroksaidi, chokaa iliyozimwa, ambayo ndiyo chokaa ya mjenzi, ya mpaka rangi na ya mtafuna tambuu. Gramu 56 za chokaa isiyozimwa hunywa gramu 18 za maji, na joto la kilojuli 65 hutoka. Joto hilo ni la kutosha kuyachemsha maji yanayobaki ndani ya shimo, na likitokea ndani ya chombo kilichofungwa, chombo hicho kinaweza kupasuka.

Madhali jambo hili humdhuru mtu, haifai kulipita kwa haraka. Maji ndiyo yamwagwayo juu ya chokaa kidogokidogo, au chokaa ndiyo itiwayo kidogokidogo katika maji mengi. Asimame mtu upande unakotoka upepo, macho yake yakiwa yamekingwa. Unga wa chokaa isiyozimwa ukimwangukia mtu mwilini, ufutwe kwanza ukiwa mkavu, kisha sehemu hiyo ioshwe kwa maji mengi sana. Sababu ni mmenyuko uleule: maji machache juu ya unga mwingi huwasha moto juu ya ngozi. Ukiingia machoni, macho yaoshwe mara moja kwa maji mengi safi, kwa muda mrefu, na mtu apelekwe hospitali bila kungoja. Shimo la chokaa lisilozungushiwa ua katika uwanja wanapocheza watoto ni uzembe usio na udhuru.

Ukutani

Fundi huichanganya chokaa iliyozimwa na mchanga, akajengea na kupiga lipu. Watu wengi hudhani kwamba lipu ya chokaa hukauka tu, kama nguo iliyoanikwa. Maji hukauka, ni kweli, lakini ugumu hautokani na kukauka. Unatokana na hewa:

Ca(OH)₂ + CO₂ → CaCO₃ + H₂O

Jiwe limerudi kuwa jiwe. Kaboni dioksaidi iliyofukuzwa kwa moto imeingia tena, na kati ya chembe za mchanga zimejengeka fuwele za kaboneti zinazozishikamanisha. Hesabu ya joto nayo inafunga barabara. Kwa kiasi kilekile tulichoanzia, gramu 100 za jiwe, tanuu lilitumia kilojuli 178. Maji yalirudisha kilojuli 65. Na hewa, polepole ukutani, hurudisha kilojuli 113. Jumlisha 65 na 113. Moto wa kuni ulikopwa, na deni lote likalipwa, ingawa sehemu ya pili hulipwa taratibu kiasi kwamba hakuna anayehisi joto lake.

Taratibu hiyo ina sababu. Hewa ina kaboni dioksaidi kidogo tu, kiasi cha sehemu 4 hivi katika kila sehemu 10,000, na gesi hiyo lazima ipenye kwenye vitundu vidogo vya ukuta. Tena haimenyuki vizuri na chokaa iliyokauka kabisa. Lazima iyeyuke kwanza katika unyevu uliobaki. Ndiyo maana lipu ya chokaa inayoachwa ipigwe na jua kali tangu siku ya kwanza huishia kuwa unga unaobanduka kwa kidole, na lipu inayonyunyiziwa maji na kutiwa kivuli huwa ngumu. Fundi mzee anayetundika magunia yaliyoloweshwa juu ya ukuta hafanyi hivyo kwa mazoea tu.

Mmenyuko huu ni wa aina gani? Hapa ndipo majina yanapoanza kupishana. Si muungano mtupu, kwa maana vitu viwili vimetoa vitu viwili. Jina linaloufaa zaidi ni kubatilishana kwa asidi na besi. Kaboni dioksaidi iliyoyeyuka majini ni asidi hafifu. Chokaa ni besi. Zikikutana kila moja huuondoa ukali wa mwenziwe, na hubaki chumvi na maji. Neno chumvi hapa lina maana pana kuliko ile ya jikoni. Kalsiamu kaboneti nayo ni chumvi.

Anayetaka kuuona mmenyuko huo kwa macho achukue maji yaliyotulia juu ya chokaa iliyozimwa, maji maangavu kabisa, apulizie pumzi yake taratibu kwa mrija, akiangalia asiyavute mdomoni. Maji yatageuka kama maziwa: ni kaboneti imezaliwa. Akiendelea kupuliza kwa muda mrefu, maji yataanza kuwa maangavu tena, kwa sababu asidi iliyozidi huiyeyusha kaboneti. Mvua, ikiwa imebeba kaboni dioksaidi ya hewa na ya udongo, huyafanyia mawe ya chokaa jambo hilohilo. Mapango ya Amboni, karibu na Tanga, yamechimbwa na maji katika mawe ya namna hiyo. Paa linalovuja juu ya ukuta wa chokaa linafanya kazi ya pango.

Asidi kali zaidi hufanya haraka zaidi. Tone la ndimu juu ya tumbawe hutoa povu, na povu hilo ni gesi ileile ya Black. Kwa njia hiyo mtu anaweza kuupima mchanga wa ufukoni akajua kama ni vipande vya makombe na matumbawe au ni mchanga wa mawe magumu, ambao hautoi povu lolote.

Chokaa shambani

Aina mbili zimebaki, uondoshano na mbadilishano, nazo haziko ukutani. Ziko katika ndoo ya mkulima.

Mwaka 1885 Mfaransa Pierre-Marie-Alexis Millardet alitangaza dawa ya ukungu wa mizabibu iliyotengenezwa kwa mrututu na chokaa. Wazo lilitokana na jambo la mzaha kidogo: wakulima wa eneo la Bordeaux walikuwa wakiinyunyizia mizabibu ya kando ya barabara mchanganyiko huo ili wapita njia waichukie wasiziibe zabibu, na Millardet akaona kwamba mizabibu hiyo haikupatwa na ugonjwa. Dawa hiyo baadaye ilitumika pia katika mibuni, dhidi ya kutu ya majani. (Kutu hiyo ni kuvu, haihusiani na kutu ya chuma ila kwa rangi.) Mrututu ni kopa salfeti, buluu, wenye kuyeyuka majini. Ukipigwa peke yake juu ya majani huyaunguza. Ukichanganywa na chokaa, kwa kurahisisha, hutokea hivi:

CuSO₄ + Ca(OH)₂ → Cu(OH)₂ + CaSO₄

Kopa na kalsiamu wamebadilishana wenzi. Huo ndio mbadilishano. Kopa iliyo katika hali mpya haiyeyuki kwa urahisi; hung'ang'ania jani, ikatoka kidogokidogo, kiasi cha kuua kuvu bila kuliunguza jani.

Sasa tuseme mkulima amekoroga mrututu wake katika ndoo ya chuma. Baada ya muda mfupi ndani ya ndoo hutanda rangi nyekundu ya shaba, na buluu hupungua:

Fe + CuSO₄ → FeSO₄ + Cu

Chuma ni chepesi zaidi kutoa elektroni zake kuliko kopa, na kwa hiyo huiondosha kopa majini na kukaa mahali pake. Huo ni uondoshano. Mkulima amepata hasara mara mbili: dawa imebaki ndooni badala ya kwenda shambani, na ndoo imeanza kutoboka. Ndiyo maana hushauriwa kutumia chombo cha plastiki au cha mbao. Lakini mmenyuko huohuo unaoharibu ndoo ulikuwa pia kipimo cha jadi cha dawa. Kisu safi cha chuma huchovywa ndani ya mchanganyiko uliokamilika. Kikitoka na wekundu wa shaba, basi kopa ingali imeyeyuka majini, chokaa haijatosha, na dawa hiyo itayaunguza majani. Chokaa huongezwa mpaka kisu kitoke kama kilivyoingia. Ni vigumu kupata mfano mwingine ambao aina mbili za mimenyuko zinafanya kazi ndani ya ndoo moja, moja ikiitengeneza dawa na nyingine ikiikagua.

Nondo ndani ya zege

Mwaka 1824 Mwingereza Joseph Aspdin alipata hataza ya saruji aliyoiita ya Portland, na saruji ya ukoo huo ndiyo imeenea duniani kote. Nayo huanza kwa kuchoma jiwe la chokaa, pamoja na udongo wa mfinyanzi, katika joto la karibu nyuzi 1,450. Tofauti yake kubwa na chokaa ni kwamba saruji hushika kwa kumenyuka na maji, si kwa kumenyuka na hewa. Huweza kuwa ngumu hata chini ya maji. Katika kushika huko, saruji huzaa kalsiamu haidroksaidi, chokaa ileile iliyozimwa, ambayo hubaki ndani ya vitundu vya zege.

Chokaa hiyo ndiyo mlinzi wa nondo. Katika kipimo cha pH, ambacho 7 ni katikati na tarakimu za juu ni za alkali, maji yaliyomo ndani ya zege changa hupita 12. Katika hali hiyo uso wa chuma hujivika utando mwembamba sana wa oksaidi usiopenyeka, na kutu haianzi. Zege imara si ngumu tu. Ni chombo kinachoihifadhi nondo ndani ya alkali.

Ndipo kaboni dioksaidi inapoingia. Mmenyuko ulioijenga Kilwa unaanza tena, kutoka uso wa zege kwenda ndani, ukibadili chokaa kuwa kaboneti. Zege lenyewe halidhuriki kwa hilo. Hata pengine huwa gumu kidogo zaidi. Lakini pH hushuka hadi karibu 9 au chini yake, utando wa chuma huvunjika, na maji na oksijeni vikiwapo, chuma huanza kutoa elektroni na oksijeni kuzipokea. Kutu inayotokea huchukua nafasi mara mbili au zaidi ya chuma kilicholiwa. Haina pa kwenda, hivyo hulisukuma zege mpaka likapasuka kwa mstari unaoifuata nondo, kisha likabanduka vipande vipande. Ukuta wa kale wa chokaa haukuwa na chuma ndani yake, kwa hiyo hewa ilikuwa na jambo moja tu la kufanya, nalo lilikuwa jema.

Yafaa kutambua kwamba katika safari nzima ya chokaa, kutoka jiwe hadi jiwe, hakuna elektroni iliyotoka kwa mmoja ikaenda kwa mwingine. Mwako wa kuni, shaba kwenye kisu cha mkulima na kutu ya nondo ni ukoo mwingine: yote ni mimenyuko ya kupokezana elektroni, ijapokuwa darasani huandikwa chini ya majina matatu tofauti. Mgawanyo huo wa pili, wa mimenyuko inayohamisha elektroni na isiyohamisha, ungestahili kufundishwa mapema kuliko inavyofanywa.

Pwani ina adui mwingine, chumvi ya bahari. Kloridi iliyomo ndani yake huuvunja utando wa chuma hata pale alkali ingali imejaa. Anayekoroga zege la nondo kwa mchanga wa ufukoni usiooshwa, au kwa maji ya bahari, amemweka adui ndani ya nyumba kabla ya mlango kutiwa kufuli. Kwa kuta za kale kosa ni la upande mwingine: wanaozikarabati kwa lipu ya saruji huziba vitundu ambavyo unyevu ulikuwa ukitokea, nao unyevu huo hubaki ndani pamoja na chumvi zake, ukiila chokaa mpaka lipu mpya ianguke na sehemu ya ukuta. Ukuta wa chokaa hutengenezwa kwa chokaa.

Kuhusu kasi ya kaboni dioksaidi ndani ya zege, kuna kanuni moja ambayo kila mjenga nyumba angefaa kuijua. Kina inachofikia hukua kwa kipeuo cha pili cha muda: kina kikiwa mara mbili, muda huwa mara nne. Ikiwa katika zege fulani sentimita 1 ya kwanza imechukua miaka 10, sentimita 2 zitachukua 40, na sentimita 3 zitachukua 90. Kanuni hiyo ni faraja kwa fundi mwangalifu, kwa kuwa kila milimita anayoongeza juu ya nondo inampa miaka mingi kuliko ile iliyotangulia. Ikigeuzwa, inatisha. Fundi aliyeambiwa aifunike nondo kwa sentimita 3 akaifunika kwa 1.5, ama kwa kubana matumizi, ama kwa sababu nondo ililala juu ya mbao bila vipande vidogo vya zege vya kuiinua, hakuipunguzia nyumba nusu ya kinga yake. Ameiachia robo. Zege lililotiwa maji mengi mno ili likorogeke kwa urahisi lina vitundu vingi zaidi, na hapo hata hiyo robo haipatikani.

Wahandisi wanaokagua majengo hupima hatua iliyofikiwa kwa njia rahisi. Huvunja kipande cha zege mpaka karibu na nondo, wakapulizia juu ya mvunjiko mpya maji ya fenofthalini. Mahali chokaa ingali hai pataona haya na kuwa pa waridi iliyokoza. Mahali hewa ilikwisha kupita patabaki bila rangi. Rula huwekwa, na upana wa ukanda usio na rangi husomwa kwa milimita. Ikiwa waridi imeanza mbele ya nondo, bado kuna muda. Ikiwa imeanza nyuma yake, kutu imekwisha pata njia, na anayeishi chini ya dari hiyo anastahili kuambiwa.